Kuchelewa dozi ya pili si kosa

Jirani yangu hapa Busia, upande wa Uganda, aligombezwa kituoni mwezi uliopita. Binti yake alichomwa dozi ya kwanza ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, akiwa darasa la nne, kisha akahamia kwa nyanya yake ng'ambo ya mpaka, kadi ikabaki sandukuni. Mwaka na nusu baadaye mama anampeleka, anaambiwa muda umepita, mtoto aanze upya. "Heri ningenyamaza," akaniambia.

Aanze upya kwani ile ya kwanza imechacha? Miezi sita tunayohimizwa kati ya dozi ya kwanza na ya pili ni muda wa chini kabisa, wala si tarehe ya mwisho. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakubali hata pengo la miaka mitatu au mitano pale inapobidi. Balaa liko kwa anayewahi: dozi ya pili ikitolewa kabla ya miezi mitano, itabidi achomwe ya tatu. Basi wa kugombezwa, kama ni lazima agombezwe mtu, si huyu mama.

Uganda ilianza chanjo hii nchi nzima mwaka 2015, kwa wasichana wa miaka 10, ikafungamanishwa na shule. Ilikuwa busara, kwa sababu watoto wako pale. Lakini shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Dozi ngapi za pili zilipotelea humo!

Ndiyo maana nilifurahi WHO iliposema, Desemba 2022, kwamba dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana wa miaka 9 hadi 20. Huko Kenya, utafiti wa KEN SHE ulionyesha dozi moja ikizuia HPV aina ya 16 na 18, zile zinazoleta saratani hiyo zaidi, kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18. Kwa familia zetu za mpakani, zinazohama kila muhula, hiyo ndiyo ratiba inayotekelezeka.

Ila wasichana wanaoishi na VVU bado wanahitaji dozi mbili, na tatu zikipatikana ni bora zaidi. Nesi atawajuaje kwenye foleni ya shule bila kuwaanika mbele ya wenzao? Mimi nasema wachomwe kliniki wanakochukua ARV, siku ile ile ya dawa, tarehe iandikwe kwenye kitabu kile kile. Huko hakuna mwanafunzi mwenzake wa kumuuliza mbona anachomwa tena.