Shemeji wa Volti 230

Kwanza nirekebishe: sikurushwa. Ile sauti ambayo shemeji yangu mkubwa ameisambaza kwenye kundi la familia, kwamba umeme ulinibeba hadi kwenye sinia la wali, ni uzushi. Niliruka mwenyewe, kwa miguu yangu. Sinia lilinikuta tu njiani.

Basi Jumamosi nilikuwa ukweni, Tanga. Asubuhi shemeji mdogo, yule wa darasa la saba, kaniletea daftari la sayansi, nami nani wa kukataa sifa? Nikatoa mita yangu ya njano, betri ya pikipiki na balbu ya indiketa ya wati 21. Nikamweleza kwamba ampia hupimwa kwa kukata njia na kuipitisha mita katikati, kama mita ya maji: yote yapite humo. Volti hupimwa ubavuni, unagusa huku na huku bila kukata kitu. Nikang'oa waya mwekundu kwenye tundu la volti, nikauchomeka kwenye tundu la ampia 10. Mita ikasoma 1.7. Nikampigia na hesabu, wati 21 gawanya kwa volti 12 za betri. Mtoto macho yamemtoka. Mama mkwe kasimama mlangoni, mkono kiunoni: "Kumbe mwanangu una elimu hivi!"

(Hapo ndipo ningeaga nikawahi basi. Msiniulize kwa nini sikuaga.)

"Hebu basi nipimie na hapa kwenye friji, haligandishi. Wanasema umeme mdogo."

Sasa shikeni roho. Nikachuchumaa penye soketi. Nikasukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu ili vile vipazia vya ndani vifunguke. Nikazungusha swichi ya mita hadi volti 750 za AC. Hilo nililikumbuka, nipeni haki yangu. Ncha nyeusi nikaiingiza kwanza, ikakaa vizuri. Nikageuka nyuma kuhakikisha mama mkwe anatazama. Anatazama. Nikasema, tena kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Tunategemea kuona 230 hapa, Mama."

Shemeji mdogo akanyoosha kidole. "Shemeji, huo waya mwe..."

"Maswali mwisho, baba."

Ncha nyekundu ikaingia.

PAAA!

Mwanga wa buluu, harufu ya plastiki, mimi huyo hewani. Swichi ilikuwa kwenye volti, ndiyo, lakini waya mwekundu ulikuwa bado kwenye tundu la ampia, na nyuma ya tundu lile, kwa mita ya bei chee kama yangu, hakuna hata fyuzi. Kuna kipande cha waya mnene, basi. Yaani niliunganisha moto na nyutro kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, mbele ya wakwe. Ncha ikayeyuka, soketi ikaota ndevu nyeusi, breka ikaanguka, nyumba nzima kimya.

Barazani redio ya baba mkwe ikakatika katikati ya matangazo ya vifo.

"Wamemtaja nani?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimekalia wali wa nazi, ungali wa moto.

Yaliyofuata ni mafupi: breka ikapandishwa, soketi mpya nikanunua, fundi wa kweli akaifunga, friji kumbe limechanika mpira wa mlango. Umeme wao haukuwa na kasoro yoyote. Mkono ni mzima, asanteni mnaouliza. Mnaocheka pia nawaona.

Kinachoniuma ni daftari. Jana mke wangu kanitumia picha ya zoezi la mdogo wake. Swali: taja visababishi viwili vya shoti. Moja, waya kuchubuka. Mbili, shemeji.

Mwalimu ametia vema zote mbili.