Uzoefu unaotakiwa na viwanda vya dawa, na nani wa kuugharamia

Matangazo ya kazi ya viwanda vya dawa nchini Tanzania yana sharti linalojirudia: mwombaji awe na shahada ya famasia au kemia, pamoja na uzoefu wa miaka mitatu, mara nyingine mitano, katika kiwanda kinachofuata kanuni za utengenezaji bora wa dawa. Viwanda vya aina hiyo nchini ni vichache, na sehemu kubwa ya dawa tunazotumia hutoka nje. Mhitimu anauliza uzoefu huo ataupata wapi ikiwa mlango pekee unaotoa uzoefu ndio unaomkataa kwa kukosa uzoefu. Mwajiri naye anajibu kwamba dawa si bidhaa ya kujifunzia. Hoja zote mbili ni za kweli, ila kwa maoni yangu mzigo umeachiwa mhitimu peke yake, na hilo si haki.

Tuanze na mwajiri, kwa sababu katika mijadala ya ajira za vijana yeye ndiye asiyesikilizwa sana. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia. Vipimo vilikuta ndani yake kemikali za sumu zinazotumika viwandani, ikiwemo dayethilini glaikoli. Kinga dhidi ya msiba wa namna hiyo ni mtu wa maabara anayekataa kupitisha malighafi ambayo haijapimwa, hata kama meneja uzalishaji amemsimamia mlangoni. Hapa nyumbani, mwaka 2012, kiwanda kimoja cha Arusha kilisimamishiwa uzalishaji kufuatia sakata la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilizodaiwa kuwa bandia. Kiwanda kikifungwa, hakuna anayebaki na kazi, awe alikosea au hakukosea.

Chukua kazi inayoonekana ndogo: kukagua mstari wa ufungashaji kabla ya kubadili dawa. Bechi ya parasetamoli, yaani fungu la dawa linalotengenezwa kwa mkupuo mmoja, imekwisha na inayofuata ni ya metformini, dawa ya kisukari. Mtu anainama chini ya mkanda wa mashine kutafuta kidonge kilichodondoka, anafungua pipa la takataka, anahesabu lebo zilizotoka stoo, zilizobandikwa, zilizoharibika na zilizobaki, na hesabu isipolingana kazi haianzi. Akimaliza anasaini, kisha mtu wa pili kutoka kitengo cha ubora anakagua upya na kusaini. Haya yote mhitimu ameyasoma, na pengine aliyajibu vizuri katika mtihani. Anachokosa ni mkono uliozoea, na ujasiri wa kusimamisha mashine wakati wenzake wote wamekaa wanasubiri. Shahada ya famasia huchukua miaka minne, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali ambao sehemu yake kubwa hupita hospitalini, kwa hiyo mwajiri anaposema kwamba kijana huyu bado hajaiva, hasemi uongo.

Hata hivyo, ni vyema tuzisome kanuni zenyewe kabla ya kuzisingizia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mkuu wa uzalishaji na mkuu wa udhibiti ubora wawe watu wawili wasiotegemeana, wenye elimu ya sayansi na uzoefu wa vitendo unaowawezesha kuamua kitaalamu kwa uhuru. Hautaji idadi ya miaka. Unachosisitiza ni kwamba kiwanda kimfundishe kila mfanyakazi, hadi anayefanya usafi, na kihifadhi kumbukumbu za mafunzo hayo. Katika Umoja wa Ulaya, mtu anayeidhinisha bechi kuingia sokoni, ambaye dhamana yake ni kubwa kuliko ya karibu kila mtu kiwandani, hutakiwa kuwa na angalau miaka miwili ya uzoefu uliopatikana ndani ya kiwanda chenye leseni, na kipindi hicho hupunguzwa kwa aliyesoma kozi ndefu zaidi ya chuo kikuu. Mchambuzi wa maabara wa ngazi ya chini kabisa Dar es Salaam au Kibaha anapodaiwa miaka mitatu, sharti hilo limetungwa na mwajiri mwenyewe, wala halikuletwa na mkaguzi.

Kwa nini basi linatungwa? Jibu la wazi ni gharama. Kiwanda kinachomfundisha kijana kwa miaka miwili kinaweza kumpoteza kwa jirani aliyemwongezea mshahara kidogo, au kwa duka la dawa atakalolifungua mwenyewe. Ni rahisi zaidi kumvuta aliyekwisha kufundishwa kwingine, lakini viwanda vyote vikifanya hivyo watu walewale wanazunguka tu na mishahara yao inapanda bila idadi yao kuongezeka. Mwenye kiwanda ana malalamiko mengine yanayostahili kujibiwa: tayari analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Nadhani sehemu ya fedha hiyo ingemrudia kwa kila mhitimu anayemchukua na kumfundisha, hesabu yake ingebadilika.

Njia nyingine imekuwa kuleta wataalamu kutoka nje, hasa India. Sipingi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ilifikia ngazi ya tatu ya ukomavu, kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha uwezo wa wadhibiti wa dawa, mwaka 2018, ya kwanza barani Afrika, na mdhibiti wa kiwango hicho hawezi kukivumilia kiwanda kinachobahatisha. Lakini sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania, na hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa: mpango unaweza kuandikwa vizuri, ukaambatishwa kwenye maombi ya kibali, kisha usimhusu mtu yeyote mwenye jina. Afisa kazi anayehuisha kibali angepaswa kumwona huyo mrithi na daftari lake la mafunzo.

Vyuo navyo vina deni. Kule Moshi, kozi ya famasia ya viwandani iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani imeonyesha kwamba ujuzi huu unaweza kufundishwa hapahapa, ila chuo kimoja hakiwezi kulisha sekta nzima.

Limebaki kundi ambalo mjadala wa wahitimu hulisahau: vibarua wa ufungashaji. Kiwanda kinachomkatalia mkemia asiye na uzoefu kwa hoja ya usalama wa mgonjwa, huku kikibadilisha vibarua wanaogusa lebo na vikasha kila msimu, kinajipinga chenyewe, kwa maana lebo iliyochanganywa inamdhuru mgonjwa sawasawa na kipimo kilichokosewa. Mikataba ya angalau mwaka mmoja kwa watu hawa ingekigharimu kiwanda pesa, na mwenye mtaji mdogo ana haki ya kulalamika. Ila faili la mafunzo ambalo mkaguzi huliomba haliwezi kuwa na maana ikiwa waliofundishwa Januari hawapo tena Aprili.