Sikuwa Uchi, Kikoi Kilikuwepo

Nyote mliotumiwa ile hadithi ya Odhis wa hapa plotini, eti nimekamatwa alfajiri niko uchi na hirizi, tuelewane kwanza: sikuwa uchi. Kikoi kilikuwepo. Kilikuwa kwenye vifundo vya miguu, lakini kilikuwepo. Na ile haikuwa hirizi, ilikuwa soksi.

Mnaonifuata siku zote mnaujua ugonjwa wangu. Tangu nihamishiwe kufundisha huku Mbita, kamera yangu haina kazi nyingine ila kumwinda Evarcha culicivora, buibui mrukaji wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Ana milimita tano hivi, uso mwekundu, na anapenda damu. Ngozi yako hawezi kuitoboa, basi humvizia mbu jike aliyekwisha kunywa, hasa Anofelesi, yule wa malaria, akala vyote viwili, mbu na damu. Watafiti waliomchunguza waligundua kwamba hufuata harufu ya soksi iliyovaliwa kuliko ya soksi safi. Matokeo yalichapishwa 2011. Mimi nikasoma, nikatazama chini ya kitanda, nikaona utajiri.

Ukuta wenye mbu hapa plotini ni mmoja, wa Mama Atieno, mwenye nyumba, kwa sababu tangi la maji liko pale. Mbu walioshiba usiku hupumzika ukutani alfajiri. Kwa hiyo soksi yangu ya kuchezea mpira nikaitundika dirishani kwake. Mnaouliza kwa nini sikuomba ruhusa, hebu niandikieni hapo chini ningeanzaje.

Sasa, kumpiga picha mdudu wa milimita tano si kubonyeza tu. Lenzi yangu ya milimita 50 nimeigeuza mbele nyuma kwa pete, kwa hiyo lazima niwe vidole vichache kutoka kwake. Sehemu inayotoka vizuri haifiki unene wa milimita moja. Ukiyapata macho, miguu imekuwa ukungu. Lenzi haina cha kuzungusha tena. Unasogeza kiwiliwili chako, mbele, nyuma, mbele, nyuma, pumzi umeibana. Flashi nimeivika kopo jeupe la mtindi ili mwanga usimchome.

Mtu akikuona kwa nyuma anaona nini? Giza halijaondoka vizuri, jamaa kapiga magoti chini ya dirisha la mama wa watu, makalio nje, anausogelea ukuta na kurudi, mwanga unapasuka, naye ananong'ona: “Geuka, mpenzi. Nitazame. Hapo hapo.” Wapwani wenzangu mngesema anawanga. Huku yupo jajuok, anayesemwa hukimbia uchi usiku, akisugua makalio kwenye milango ya watu.

Haya. Buibui akageuka. Ana macho manane, lakini yale mawili makubwa ya mbele ndiyo yanayokukodolea, na mimi nikayeyuka. Akajiinamisha. Akabandika uzi wake ukutani. Hapo nilipaswa kujua, maana hawa hufunga kamba ya usalama kabla ya kuruka. Akatoweka kwenye kioo. Nikamwona kwenye ukingo wa lenzi. Kisha kwenye kidole gumba. Kisha kifundo cha mkono. Mimi ndiye niliyewaandikia hapa kwamba hana madhara, msimuue, kwa hiyo nilitabasamu. Nilitabasamu mpaka kwenye kiwiko. Akaingia kwapani, akatokea upande wa pili wa fulana, akateremka mbavuni bila haraka, akafika kwenye fundo la kikoi. Akasimama. Akafikiri. Akaingia.

Imani ya sayansi ikanitoka pale pale.

Niliruka kutoka magotini moja kwa moja, sijui kwa msuli gani. Fundo likaachia. Kikoi hakikuanguka kwa mpigo, jamani, kilishuka polepole, kikipumzika kidogo kwenye mapaja. Kidole nacho kimekwama kwenye kitufe, flashi inapiga pa! pa! pa! Katikati ya mwanga huo dirisha likafunguka. Mama Atieno, kilemba kichwani, beseni mkononi. Soksi ikapepea ikamgusa pua.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Aliitazama soksi. Akanitazama usoni. Akatazama chini. Akairudia soksi, kana kwamba hiyo ndiyo yenye maelezo.

Nami nikamwamkia. “Shikamoo, mama.” Malezi ya Mombasa hayo.

Beseni zima likanijia, kisha ndiyo: “Jajuok!”

(Chupi ilikuwepo. Ya kijani. Ahsanteni kwa kujali.)

Yaliyofuata mnayajua: ploti nzima nje, rungu, fagio, tochi za simu, Odhis akiwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunitetea, maana alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mzee wa mtaa akaitwa. Nikaonyesha picha kwenye kamera inayochuruzika maji ya vyombo. Moja ilitoka, macho yote mawili makali. Mama Atieno akasema huyo anatisha kuliko mimi, na kwamba yeye huwaua kwa kandambili kila siku. Sina nguvu za kubishana naye, bado nadaiwa kodi. Soksi akaichoma kwa mafuta ya taa mbele ya mashahidi. Buibui hajulikani alipo, na kikoi nimekikung'uta mpaka rangi imekwenda.

Watu walipotawanyika, mzee wa mtaa akanivuta pembeni, akatazama huku na huku.

“Mwalimu,” akasema, “na ile ya mguu wa pili iko wapi? Kwangu mbu wamezidi.”