Mvumo wa utando wa buibui katika gitaa la umeme

Kwa miezi mitatu sasa bendi yetu ya bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, yenye wapigaji watano na amplifaya mbili za kuazima, imekuwa ikibishana juu ya jambo moja kila tunapokutana kwa mazoezi katika chumba cha uani kule Chang'ombe, hapa Dodoma. Je, albamu yetu ya kwanza, tunayoigharamia wenyewe bila kampuni wala mfadhili, ichanganye nyimbo zetu na kopi za nyimbo maarufu za bluzi za Chicago, Marekani, au iwe na nyimbo tulizotunga sisi tu? Mimi napiga besi, na msimamo wangu ni kwamba isiwe na kopi hata moja.

Kaka yetu anayepiga gitaa la solo, mkubwa wetu kwa umri na mwalimu wa wengi wetu, anasema wateja wa baa huinuka vitini wanaposikia wimbo wanaoujua, na kwamba msikilizaji asiyetufahamu anahitaji mlango wa kuingilia. Hoja yake naiheshimu, kwani kopi ndizo zilizotufundisha kukaa pamoja katika mzunguko wa vipimo kumi na viwili, ambao ndio umbo la kawaida la bluzi, na kungojana pale mwimbaji anapovuta pumzi. Hata hivyo, wimbo wa ukumbini huisha na usiku wake, ilhali albamu hubaki, na mtu atakayeifungua miaka kumi ijayo atataka kusikia sisi tulikuwa nani na tuliishi wapi.

Muddy Waters, gwiji wa bluzi tunayempenda sote, alikuwa mkulima wa Mississippi aliyehamia Chicago mwaka 1943. Gitaa lake la kijijini halikusikika katika kelele za baa za mjini, akachukua la umeme, na mwaka 1948 rekodi yake ikaanza kununuliwa na wahamiaji wenzake waliotoka mashambani kama yeye. Walichonunua ni sauti ya nyumbani kwao, ikiwa imepewa nguvu ya kushindana na mji. Dodoma ya leo, inayopanuka kila mwezi tangu Serikali ilipohamia hapa, imejaa watu wa namna hiyo hiyo, waliotoka Mvumi, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Tukiwapigia kopi tunawapa sauti ya nyumbani kwa watu wengine.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, kila bendi ya dansi ilijulikana kwa mtindo wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Nuta Jazz walikuwa na Msondo, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa na Sululu. Gitaa la umeme lilitoka ng'ambo na rumba ilitoka ng'ambo, lakini utunzi ulikuwa wao, na ndiyo maana hadi leo mzee akisikia mapigo machache tu ya mwanzo anaitaja bendi kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Lililonithibitishia msimamo wangu zaidi ya yote ni siku tuliyomleta mzee mmoja kutoka Chamwino aje kupiga ilimba, ala ya Wagogo yenye fito za chuma juu ya ubao zinazopigwa kwa vidole gumba, katika wimbo wetu wa nne. Alifika na ilimba yake imefungwa kwenye khanga, tukamwamkia, akaitika na kutusalimu kwa Kigogo "Mbukwenyi", kisha akakaa kimya kwa muda mrefu akitengeneza kitu ambacho sikukielewa mara moja. Ubaoni mwa ilimba kulikuwa na tundu dogo, na juu yake alikuwa akibandika utando mwembamba mweupe wa kiota cha buibui, akiubonyeza kwa ncha ya kidole gumba taratibu kama mtu anayeziba jeraha la mtoto. Alipougusa ufito wa kwanza, kila sauti ilitoka na mvumo wa mkwaruzo unaotetemeka, na chumba kizima kikawa kama kimeingiwa na nyuki.

Fundi mitambo wa studio, ambaye ni hodari katika kazi yake, alisimamisha kurekodi na kusema kuna kelele, akashauri tuuondoe ule utando ili sauti iwe safi. Mzee hakukasirika. Alimwambia, "Mwanangu, ukiutoa huu, ilimba imekufa, zitabaki fito za chuma tu." Tulitazamana na kaka wa solo, kwa kuwa sote wawili tulikuwa tumeelewa jambo lile lile kwa wakati mmoja: wapiga bluzi wa Chicago nao walifungulia amplifaya zao ndogo kupita uwezo wake hadi sauti ya gitaa ikachanika na kukwaruza, na mkwaruzo huo ukawa ndio roho ya muziki wenyewe. Mafundi wa studio nyingi wangeuita kasoro. Sisi tumekuwa tukiutafuta kwa vifaa vya gharama, kumbe Wagogo walikuwa nao tangu zamani, na chanzo chake ni buibui.

Tena si mkwaruzo peke yake. Nyimbo za Kigogo hufuata zile sauti ambazo uzi au mluzi huzitoa wenyewe kwa asili yake, na mojawapo, ile ya saba, hukaa chini kidogo ya mahali ambapo kinanda kingeiweka. Mpiga bluzi huitafuta sauti ya jirani na hiyo kwa kuuvuta uzi wa gitaa kwa kidole mpaka upate mahali pasipo na alama. Sidai kwamba bluzi ilizaliwa Ugogo, kwa maana waliopelekwa utumwani Mississippi walitoka hasa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Ninachosema ni kwamba sikio la mtu aliyekulia hapa halianzi na mikono mitupu, na Hukwe Zawose, mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo, alikwisha kuuonyesha ulimwengu jinsi ilimba na zeze vinavyoweza kusimama jukwaa lolote bila kuomba radhi.

Kuna wanaosema Kiswahili hakikai vizuri katika bluzi. Nawajibu kwa ubeti wa wimbo huo wa nne, alioutunga mwimbaji wetu baada ya kwenda kwao na kukuta shamba la mama yake limepimwa viwanja na kuwekwa bikoni, zile alama za mipaka:

Niliacha mizabibu, leo nakuta bikoni,
Niliacha mizabibu, leo nakuta bikoni,
Mama kashika mkasi, sasa apogoe nini?

Mstari wa kwanza unasemwa, unarudiwa, kisha wa tatu unaujibu, kama bluzi inavyotaka. Na ukihesabu silabi utakuta nane kwa nane, mizani ambayo kila aliyesoma ushairi shuleni anaijua. Hakuna kopi ya Chicago itakayomfikia mama wa Dodoma aliyebaki na mkasi wa kupogolea mkononi na hana mzabibu wa kuupogoa.

Lipo pia suala la haki, nami nitalipitia kwa ufupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi miliki ya kazi yake, na kurekodi wimbo wa mtu kunahitaji ruhusa yake. Willie Dixon, aliyewatungia wakali wengi wa Chicago, ilimbidi mwaka 1985 kwenda mahakamani dhidi ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, kudai kilicho chake. Bendi isiyo na kampuni nyuma yake haina mali nyingine zaidi ya nyimbo zake.

Hadi ninapoandika haya tumekubaliana nyimbo nane, zote zetu, na kaka wa solo ameacha kuzitaja kopi tangu siku ile ya studio. Ubishi umehamia kwenye wimbo wa tisa, ambao mimi nataka uimbwe kwa Kigogo kuanzia mwanzo hadi mwisho na wenzangu wawili wanataka kiitikio kiwe cha Kiswahili. Mzee wa Chamwino ameahidi kurudi baada ya kuvuna uwele, na ameagiza fundi mitambo asafiri naye siku moja kijijini ili amwonyeshe ukuta wa kutafutia buibui wa utando ule.