Kilimo Hai cha Zabibu Hakiendeshwi kwa Simu

Wakazi wengi wa Dar es Salaam tulioajiriwa, tunaofanya biashara au tunaoishi kwa kalamu tuna mashamba mikoani, na wengi wetu tunayaendesha kwa simu. Fedha za palizi zinatumwa kwa simu, picha za miche zinarudi kwa WhatsApp, na mwisho wa msimu tunapokea hesabu ambayo hatuna njia ya kuihakiki. Kwa baadhi ya mazao utaratibu huo unavumilika. Kwa zabibu zinazolimwa bila viuatilifu vya viwandani hauvumiliki hata kidogo, na ninaandika makala haya kwa sababu nawaona waandishi, wahadhiri na watumishi wenzangu wakitafuta ekari Dodoma huku wakiamini kwamba kilimo hai ni kilimo cha gharama nafuu, kwa kuwa hakuna dawa nyingi za kununua.

Mimi ni mwandishi. Riziki yangu inatokana na kuhariri miswada ya watu, kuandika makala, na shamba la mizabibu lililoko upande wa Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma, ambalo tunalilima kwa samadi ya ng'ombe na mbuzi, kwa matandazo ya nyasi, kwa salfa na kwa macho. Katika orodha hiyo, macho ndiyo yenye gharama kubwa kuliko vyote.

Mzabibu wa nchi za baridi hulala majira ya kipupwe, na baridi hiyo ndiyo inayoupangia mwaka wake. Dodoma, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 na nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, haina baridi ya kutosha kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima mwenyewe kwa mkasi wa kupogolea: ukishapogolea, baada ya takriban miezi minne unavuna. Ndiyo maana wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza yakiwa karibu na Februari na Machi, na ya pili karibu na Agosti na Septemba. Hiyo ni neema kubwa ambayo mkulima wa Ufaransa hana. Hata hivyo, mmea usiopumzika kwa muda mrefu hauwapi mapumziko marefu wala vimelea vinavyoushambulia, na kila msimu una adui wake. Mvua zikinyesha, ubwiri vinyoya, mmoja wa magonjwa mawili makubwa ya ukungu ya mzabibu, hufuata unyevu unaokaa juu ya majani. Kiangazi kikiingia na usiku ukawa wa baridi, huja ugonjwa wa pili, ubwiri unga, ambao hauhitaji jani lililolowa.

Ubwiri unga hauanzi kwa kishindo. Unaanza kwa doa dogo la rangi ya majivu kwenye jani lililojificha kivulini, mahali ambapo matawi yamebanana na upepo haupiti, na ukiligusa kwa kidole, unga mwembamba hubaki kwenye ngozi yako. Ukiliona siku hiyo, kazi ni kupunguza majani yanayokizunguka kishada ili mwanga na hewa viingie, kisha kunyunyiza salfa asubuhi na mapema kabla jua halijapanda, kwa sababu salfa ikikutana na joto linalozidi nyuzi 32 hivi huweza kuunguza majani yenyewe. Usipoliona, ugonjwa huhamia kwenye punje changa. Ngozi ya punje iliyoshambuliwa huacha kukua, lakini nyama ya ndani huendelea kujaa, na punje hupasuka hadi mbegu zikaonekana. Hakuna kiasi cha salfa kitakachoiponya punje iliyopasuka.

Jirani yangu anayetumia dawa zinazopenya ndani ya mmea anaweza kuchelewa siku chache na bado akaokoa sehemu ya mavuno. Sisi hatuna nafasi hiyo. Salfa hukaa juu ya jani tu, hukinga zaidi ya inavyotibu, na mvua moja inatosha kuiosha. Kwa hiyo fedha ambayo mwenzangu anaiweka kwenye chupa ya dawa, mimi lazima niiweke kwenye muda wa mtu anayepita mstari kwa mstari akiinua majani.

Hapo ndipo simu inaposhindwa. Msimamizi wetu wa shamba ni mkulima hodari, aliyezaliwa na kukulia huko huko, na anaijua ardhi ile kuliko nitakavyoijua mimi. Lakini mwenye shamba aliye Dar akimpigia, jibu analopata ni "Shamba salama, dada," na ni jibu la kweli kwa swali aliloulizwa: nguzo zimesimama, waya haujaibwa, mbuzi wa jirani hawajaingia. Hata akiona doa, ikiwa mfumo unamtaka kwanza aombe ruhusa, kisha asubiri fedha itumwe, kisha apande bodaboda kufuata salfa mjini, siku zinapita huku ugonjwa ukienea. Kumlaumu mtu kama huyo baada ya hasara ni dhuluma, na nimewasikia wenye mashamba wengi wakiitenda dhuluma hiyo kwa sauti kubwa kwenye vikao vyetu vya mjini.

Msimamo wangu ni kwamba anayeona ndiye anayepaswa kuamua, naye awe na fedha mkononi. Kwetu, msimamizi hulipwa mshahara na pia hupata fungu la mavuno. Fedha ya salfa na ya vibarua wa kupunguza majani iko kwake kabla ya kupogolea, na haulizi mtu anapoona ni wakati wa kuitumia. Mimi nami huhamia Dodoma kuanzia machipukizi yanapotoka hadi punje zinaposhika, kwa sababu hicho ndicho kipindi ambacho msimu huokolewa au hupotea. Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwezi Julai 2024, mpango huu umekuwa rahisi zaidi. Safari iliyokuwa inakula siku nzima barabarani sasa inamalizika kwa saa chache, na miswada husomeka vizuri ndani ya behewa.

Wapo wanaodhani kwamba shamba ni mahali tulivu pa kuandikia. Sikubaliani nao. Wakati wa kupogolea siandiki chochote isipokuwa daftari la shamba, na wachapishaji ninaofanya nao kazi wanajua kwamba sipokei muswada wenye tarehe ya mwisho inayoangukia majuma hayo. Uandishi wangu unafanyika Dar, kwenye meza, kati ya msimu na msimu. Kufanya kazi mbili si jambo geni kwa mwandishi wa Kiswahili: Shaaban Robert aliandika huku akiwa karani wa serikali ya kikoloni, na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alihariri jarida la kilimo lililoitwa Mkulima kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968. Kitabu peke yake hakilishi familia hapa kwetu, na sioni aibu kulisema hilo.

Ni lazima pia niseme ukweli ambao baadhi ya watetezi wa kilimo hai huuficha. Kilimo hai hakimaanishi kutonyunyizia kitu. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ukichanganywa na chokaa unaruhusiwa dhidi ya ubwiri vinyoya, lakini shaba ni metali, haiozi, na hujikusanya ardhini. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika kipindi cha miaka 7. Kwa maoni yangu, anayenyunyiza shaba kila wingu linapotanda amebadilisha sumu tu. Sisi huitumia pale tu mvua zinapofululiza, baada ya kuhakikisha kwamba mistari imefunguliwa na hewa inapita.

Linaloniumiza zaidi ni soko. Zabibu ikishakatwa haisubiri, na mnunuzi analijua hilo. Nimewahi kusimama kwenye mzani wa mnunuzi mmoja nikitazama kreti zetu zikimiminwa pamoja na za kila mtu, kwa bei ile ile, baada ya kazi yote niliyoieleza hapo juu. Nchi yetu tayari inajua kutofautisha mvinyo kwa asili yake: ule wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa ushuru mdogo kuliko ule wa kuagizwa. Kuhusu namna zabibu hizo zilivyolimwa, bei ya mzani haisemi lolote. Viwango vya Afrika Mashariki vya mazao ya kilimo hai vipo tangu mwaka 2007, na alama ya Kilimohai ya kuyatambulisha mazao hayo ipo, lakini mteja wa Dar anayesimama mbele ya meza ya matunda Kisutu huuliza kama zabibu ni tamu, na mara chache huuliza zimenyunyiziwa nini.

Kwa hiyo, kwa mwenzangu anayetaka kununua ekari Dodoma, ushauri wangu ni kwamba atafute mnunuzi kabla ya kutafuta miche. Mkataba useme kwamba mzigo wake utapimwa peke yake, utasindikwa katika tangi la peke yake, na bei itatajwa kwa kilo kabla mkasi haujagusa tawi la kwanza. Mnunuzi akikataa masharti hayo, ni heri mkulima akaushe zabibu zake na kuziuza Dar mwenyewe, kama tunavyofanya sisi sasa kwa sehemu ya mavuno ya Agosti.