Altrasaundi Kabla ya Kukata Uvimbe wa Tumbo: Je, ni Gharama ya Bure?

Madaktari wanaosita kuagiza altrasaundi ya endoskopi (picha za mawimbi ya sauti zinazopigwa kutoka ncha ya mpira wa kamera ulioingizwa kupitia mdomoni) kabla ya kuondoa uvimbe wa tumbo, yaani wa mfuko wa chakula, wana hoja. Mgonjwa wa Nairobi anayelipa kutoka mfukoni amekwisha kugharimia endoskopi ya kwanza, na kumlaza tena kwa dawa ya usingizi ili apigwe picha nyingine si jambo dogo. Isitoshe, picha hizo hutegemea mno mkono na jicho la anayezisoma. Kwa saratani changa za utando wa ndani, kidonda au kovu huweza kuufanya ugonjwa uonekane umezama kuliko ulivyo, na daktari mzoefu mwenye kamera pekee mara nyingi hukadiria kina chake vizuri vilevile.

Lakini wengi huihukumu altrasaundi kana kwamba kazi yake ni kutaja jina la uvimbe, ilhali jina hutolewa na maabara. Altrasaundi huonyesha uvimbe umeota wapi. Ukuta wa tumbo huonekana katika matabaka matano, meupe na meusi yakipokezana: la tatu ni submukosa (tabaka laini lililo chini ya utando wa ndani), la nne ni misuli, la tano ni utando wa nje. Uvimbe wa tabaka la tatu kwa kawaida hukatwa misuli ikabaki nzima. Ule uliotoka katika la nne, kama zilivyo GIST nyingi (uvimbe wa ukuta wa mfumo wa chakula unaoweza kuwa saratani), haumwachii mkataji nafasi hiyo. Akiufuata hadi shinani anaikata misuli yenyewe, na hatari ya ukuta kutoboka huzidi iwapo uvimbe umechomoza kwa nje.

Hapa ndipo wastani unapopotosha. Katika ukataji wa submukosa kwa endoskopi, yaani kuuchuna uvimbe kupitia tabaka la tatu kwa kisu kinachopitishwa kwenye mpira wa kamera, mbinu iliyokuzwa Japani miaka ya 1990, vituo vyenye uzoefu kwa kawaida huripoti kutoboka kwa wagonjwa wasiozidi takriban 5 katika kila 100. Kiwango hicho, hata hivyo, kimetokana zaidi na saratani changa za utando wa ndani. Kumsomea mwenye uvimbe wa misuli takwimu hiyo ni kumpa hesabu ya watu wengine, na (niseme wazi) ni kumtaka atie sahihi fomu ya ridhaa asiyoielewa. Tundu lililotarajiwa aghalabu huzibwa papo hapo kwa klipu (kibanio kidogo), mpasuaji akiwa karibu. Lisilotarajiwa, mahali pasipo na klipu wala mpasuaji, huweza kuishia katika maambukizi ya fumbatio.

Kuhusu kuvuja damu, utabiri wa altrasaundi ni hafifu zaidi, kwa kuwa ukubwa wa jeraha na dawa za kuzuia damu kuganda huchangia sana.

Hoja ya gharama nayo ina upande wa pili. Lipoma, uvimbe wa mafuta, huonekana nyeupe katika tabaka la tatu, na isipoleta dalili kwa kawaida haihitaji kukatwa. Mgonjwa wa aina hiyo akipigwa altrasaundi kwanza, huepushwa na bili ya upasuaji mzima pamoja na hatari zake.