Fundi wa Keko naye ni mwanachuo

Ukitoka Keko kwa miguu kuelekea Chang'ombe, unapita katikati ya darasa kubwa kuliko yote Temeke, hapa Dar es Salaam. Makochi yamepangwa kando ya barabara, vitanda vinapigwa msasa, dogo ameshika randa na fundi wake anamwelekeza kwa kidevu tu, maana mikono yote miwili ina gundi. Mbele yake liko geti la chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe, na ndani kuna karakana, walimu wa fani na mitihani. Kwa miguu si mbali. Kwa makaratasi ni safari ya miaka, na mimi naamini kazi kubwa ya chuo kile ni kuifupisha.

VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na hadi leo ukiitaja watu wanamfikiria kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Kijana huyo anastahili nafasi yake. Ada ya kozi ndefu kwa wa kutwa imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka, na mzazi wa Tandika akijikunja anaipata. Lakini katikati ya jiji hili wapo maelfu ya watu wazima wenye watoto, waliojifunza kazi kwa kumbebea fundi mwingine vifaa. Hao tunawasahau.

Mdogo wangu ni mmoja wao. Umeme wa majumbani, miaka kumi na moja sasa. Alianza kwa kutindua kuta za watu kwa nyundo na patasi ili wengine wapitishe mabomba ya waya, mpaka akawa anaifunga nyumba nzima peke yake. Ila TANESCO hawaingizi umeme kwenye nyumba mpya mpaka mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, aweke saini na muhuri kwamba kazi iko salama. Sheria hiyo naiunga mkono, nyaya mbovu zinaunguza nyumba na watu wake. Kilichoniuma ni kwamba mwenye muhuri ambaye mdogo wangu na wenzake walikuwa wakimtumia alikuwa anagonga fomu bila kufika saiti, anachukua hela yake, basi. Mwenye nyumba analala akijua amekaguliwa. Hajakaguliwa na mtu.

Ndiyo maana nilimsukuma mdogo wangu akaombe urasimishaji wa ujuzi pale VETA. Wengi hawajui kama upo. Mtathmini anamfuata fundi kazini, anamtazama akifanya, anamhoji, na pale alipopelea anafundishwa hapo tu, halafu anapewa cheti. Upo kwa waashi, kwa maseremala, hata kwa wapishi, kwa hiyo mama ntilie aliyelisha mtaa kwa miaka ishirini naye ana njia. Mdogo wangu aliniambia swali lililomtoa jasho: kwa nini jiko la umeme unalivutia waya mnene kuliko wa taa? Mkono wake ulijua siku zote, ila mdomo ulikuwa haujawahi kuulizwa.

Serikali inajenga vyuo vya VETA 64 vya wilaya, na kwa watoto wa vijijini ni jambo la kushukuru. Chuo cha mjini lakini kina wanafunzi wake wa peke yao, na saa zao ni za jioni. Fundi akiacha saiti mchana kwa wiki moja, amepoteza chakula cha nyumbani na pengine na tajiri. Ningetaka karakana ziwe na masomo ya ngazi zote kuanzia saa kumi na mbili jioni, mwalimu alipwe vizuri kwa saa hizo, na bei ya kozi fupi ishuke, kwa sababu mara nyingi wiki chache tu zinazidi ada ya mwaka mzima ya mwanafunzi wa kutwa. Fedha si kwamba hazipo. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi, na kwa miaka mingi theluthi moja tu ya tozo hiyo ndiyo imekuwa ikifika VETA. Theluthi mbili zilizobaki zingewasha taa nyingi za karakana.

Kwenye tathmini ile, mdogo wangu alikuwa amepelea kipimo cha ethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Kwa miaka yote, nondo ya shaba ikishazama ardhini, kwake kazi imekwisha. Kifaa cha kupimia hakuwahi kukishika. Alifundishwa, akapata cheti, na sasa anakusanya karatasi za kuombea leseni yake mwenyewe. Jumamosi iliyofuata aliazima kile kifaa akazirudia nyumba tatu alizozifunga mwaka jana. Mbili zilikuwa sawa. Ya tatu, ya mama mmoja wa Mbagala, aliongeza nondo ya pili kwa hela yake, akapima tena, ndipo akaondoka.